Kutembea na watoto Ayalandi majira ya baridi: hesabu saa za mwanga kwanza, ramani baadaye

Mleta uzi (Dublin)

Wanajukwaa, habari za wikendi. Nafungua uzi huu kwa ajili ya familia zilizohamia Ayalandi hivi karibuni, hasa zenye watoto wadogo, ambazo zinaingia katika majira yao ya kwanza ya baridi na zinajiuliza kama kuna haja ya kutoka nje kabla ya Aprili. Haja ipo, tena kubwa, mradi safari ipangwe kwa kufuata saa za mwanga. Kilomita na utabiri wa mvua vije baadaye.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Dublin iko kwenye nyuzi 53 kaskazini. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza huku saa 2:38 asubuhi na kuzama saa 10:08 jioni, yaani mchana wa saa saba na nusu tu, na siku ya mawingu mazito hata huo mchana hufanana na magharibi. Familia inayoamka kwa raha zake Jumamosi, ikanywa chai, ikatafuta soksi za mtoto wa mwisho na hatimaye kuondoka saa tano na nusu, imebakiwa na saa nne na nusu za kuona chochote. Ikielekea Galway, itatumia zaidi ya nusu ya muda huo barabarani, itakula chakula cha mchana, kisha itasimama ufukweni kutazama giza likiingia.

Kwa hiyo kanuni ya nyumbani kwetu ni kwamba, kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Januari, hatuendi mahali palipo mbali zaidi ya saa moja na nusu kutoka mlangoni isipokuwa tunalala huko. Mizigo hufungwa Ijumaa usiku, tunaondoka kabla hakujapambazuka vizuri, na saa tatu asubuhi tumeshafika. Mgahawani hatuingii saa sita, kwa sababu saa sita hadi saa nane ndio mwanga bora wa siku. Watoto hula mkate na mayai ya kuchemsha kwenye benchi, chai ya maziwa yenye tangawizi ikimiminwa kutoka kwenye chupa. Mgahawa tunauachia saa kumi, giza likianza kuingia, na hapo ndipo supu nzito ya samaki na mkate wa soda huonekana na thamani yake. Kwa wanaoswali, fahamuni kwamba mwezi Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia ndani ya takriban saa nne, basi sehemu ya kuswalia ifikiriwe mapema kama inavyofikiriwa sehemu ya kula.

Mvua isiwatishe. Mvua ya hapa si ya masika; mara nyingi ni manyunyu yanayokuja, yanayokwenda na kurudi, na joto la mchana wa Januari mjini Dublin kwa kawaida huwa nyuzi 7 au 8, kwa hiyo hata theluji ni ya nadra. Kinachotesa ni upepo, na ndiyo maana mwavuli hapa hauna kazi. Mtoto avae koti lisilopitisha maji, suruali ya mvua juu ya suruali yake, gambuti na soksi za sufu, na nguo kavu za akiba zibaki ndani ya gari. Hakuna sababu ya kununua vitu hivi dukani kwa bei kamili: maduka ya hisani yamejaa mitumba safi ya watoto, kwa kuwa watoto wa Waayalandi nao hukua haraka na gambuti zao hubaki nzima.

Jambo moja halina mjadala. Idara ya hali ya hewa, Met Éireann, hutoa maonyo ya rangi tatu: njano, chungwa na nyekundu. Njano tunatoka kwa tahadhari na hatukaribii miamba ya bahari, chungwa tunaahirisha, nyekundu kila mtu anabaki ndani, na shule na usafiri vyenyewe husimama. Dhoruba Éowyn ya tarehe 24 Januari 2025 ilileta upepo wa zaidi ya kilomita 182 kwa saa huko Mace Head, kaunti ya Galway, ikavunja rekodi ya nchi iliyowekwa mwaka 1945, na mamia ya maelfu ya nyumba yakakosa umeme.

Sasa tuje kwenye sehemu zenyewe.

Kama mtakwenda mahali pamoja tu msimu huu, nendeni Newgrange, kaunti ya Meath, chini ya saa moja kwa gari kutoka Dublin. Ni kaburi la mawe lililojengwa takriban mwaka 3200 kabla ya Kristo, mapema kuliko piramidi za Giza, Misri. Hamwendi moja kwa moja kaburini. Mnafikia kituo cha wageni cha Brú na Bóinne, mnavuka mto Boyne kwa daraja la miguu, kisha basi dogo linawapeleka kilimani kwa zamu. Njia ya ndani ina urefu wa mita 19 na ni nyembamba kiasi kwamba mtu mzima hupita kwa ubavu mahali fulani, begi akilishika mbele kifuani. Mwisho wake ni chumba chenye paa la mawe yaliyopangwa yakikaribiana hadi juu, bila saruji, na hadi leo halivuji.

Wajenzi waliacha tundu juu ya mlango ili, katika siku chache zinazozunguka tarehe 21 Desemba, miale ya jua linalochomoza ipenye hadi chumbani kwa takriban dakika 17. Wanaoingia siku hizo huchaguliwa kwa bahati nasibu, na anga likiwa na mawingu hawaoni kitu. Sisi wengine tunaonyeshwa kwa taa: mwongozaji huzima umeme, giza linakuwa totoro, halafu mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu unatambaa sakafuni kuelekea miguuni mwenu. Binti yetu, ambaye tangu Oktoba alikuwa akiuliza jua limekwenda wapi, alipata jibu hapo kuliko katika maelezo yangu yote: kwamba kuna watu waliolisubiri jua hilohilo hapahapa zaidi ya miaka elfu tano iliyopita, wakajenga kilima kizima ili wajue siku linapogeuka kurudi. Wekeni nafasi mapema, na mwenye hofu ya sehemu finyu abaki nje.

Mahali pa pili ni Bull Island, ndani ya Dublin kwenyewe, na hapalipiwi chochote. Kisiwa hiki hakikuwapo miaka 250 iliyopita. Ni mchanga uliojikusanya baada ya kujengwa kwa kuta za bandari. Majira ya baridi hujaa bata bukini wadogo wenye kichwa cheusi na doa jeupe shingoni, ambao huzaliana katika Aktiki ya Kanada na kuvuka Greenland na Iceland ili waje kukaa huku kwa sababu, kwao wao, hii ni nchi ya joto. Watoto wangu walilipokea jambo hilo kama kejeli. Nendeni maji yanapojaa, maana maji yakifunika matope, ndege husogezwa karibu na barabara, wala huna haja ya darubini ya fedha nyingi. Baadaye mtawakuta bata hao hao wakila majani kwenye viwanja vya mpira vya mitaani, hawana habari na mtu.

Siku ya mvua isiyokoma, nendeni Chester Beatty, ndani ya eneo la Dublin Castle. Ni bure. Ina mafunjo ya kale ya Biblia na misahafu ya karne nyingi, ukiwamo ule ulioandikwa Baghdad kwa mkono wa Ibn al-Bawwab mwaka 391 Hijria, ingawa si kila nakala huwa kwenye maonyesho wakati wote. Kati ya Novemba na Februari hufungwa Jumatatu.

Howth mnaifikia kwa treni ya DART. Mna sili bandarini na matembezi ya juu ya miamba kwa watoto wakubwa. Glendalough, katika milima ya Wicklow, ina magofu ya makao ya watawa yaliyoanzishwa karne ya 6 na maziwa mawili, na njia ya chini inapitika hata kwa kigari cha mtoto. Phoenix Park ina kulungu, ambao hairuhusiwi kuwalisha, na bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1831. Bibi yao aliyeko Arusha bado anacheka kwamba tulilipa euro kumtazama twiga kwenye baridi.

Karibuni mchangie, hasa mlioko nje ya Dublin.

Mama wa Salthill (Galway)

Ahsante sana, kaka, kwa uzi uliopangiliwa. Nakuunga mkono kuhusu mwanga, lakini kanuni yako ya saa moja na nusu inaweza kuwanyima watu wa Dublin nusu ya nchi iliyo nzuri zaidi. Mimi ningewashauri waje magharibi Januari au Februari na walale usiku mmoja au miwili, kwa sababu baada ya sikukuu bei za vyumba hushuka na hakuna msongamano wa wageni. Isitoshe, jua huzama Galway kama dakika kumi na moja baada ya Dublin. Najua huchomoza pia kwa kuchelewa hivyohivyo, lakini mwenye watoto wasioamka atanielewa.

Jumamosi asubuhi watembezeni watoto kwenye barabara ya ufukweni ya Salthill hadi mwisho, ambako kila mtu hupiga ukuta teke kabla ya kugeuka. Sababu ya desturi hiyo kila mzee ana yake, na watoto hawaulizi, wanapiga tu. Upepo wa pale ukikuacha umesimama, utaweza kusimama popote.

Kuhusu Cliffs of Moher nina neno la tahadhari. Miamba ile inafika mita 214 juu ya bahari, na sehemu ya karibu na kituo cha wageni ina ukuta wa mawe unaofika kifuani mwa mtoto mkubwa. Bakini ndani ya ukuta huo. Nimewaona watu wazima wakivuka upande wa pili kwa ajili ya picha, na upepo wa pale hauji kwa mfululizo. Hukaa kimya, halafu hukusukuma mara moja. Siku ya upepo mkali njia hufungwa, kwa hiyo angalieni taarifa kabla ya kuondoka Galway. Zikifungwa, geukeni Burren, ambako ardhi nzima ni sakafu ya chokaa iliyopasuka mistari. Watoto huruka kutoka jiwe hadi jiwe huku mnawaona, na pango la Aillwee liko jirani kwa ajili ya mvua ikizidi.

Usiku nao msiudharau. Kama mnalala Mayo, eneo la Wild Nephin limetambuliwa kimataifa kama hifadhi ya anga la giza, na katika majira ya kiangazi mtoto hawezi kuziona nyota zile kwa kuwa giza linamkuta amelala. Desemba unamwonyesha saa kumi na mbili jioni na anawahi kulala.

Mkongo wa Limerick

Nawasalimu ndugu zangu wa Tanzania na Kenya. Ninaomba kuongeza mahali ambapo sisi tuliotoka Kongo hatupaswi kupapita bila kusimama. Ukishuka treni ya DART kituo cha Dún Laoghaire, tembea pwani kuelekea Sandycove. Karibu na mabafu ya zamani ya bahari kuna sanamu ndefu ya Roger Casement, iliyowekwa mwaka 2021. Alizaliwa Sandycove mwaka 1864. Akiwa konseli wa Uingereza, alipanda mto Kongo mwaka 1903 na kukusanya ushahidi wa watu waliokatwa mikono, waliochapwa na waliochomewa vijiji kwa ajili ya utomvu wa mpira wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1904, na mwaka 1908 mfalme huyo alinyang'anywa Kongo, ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji, jambo ambalo halikuwa uhuru lakini lilivunja mkono mmoja wa ukatili.

Waingereza wenyewe walimpa heshima ya Sir mwaka 1911, wakamvua, wakamnyonga London tarehe 3 Agosti 1916 kwa kuwatafutia wapigania uhuru wa Ayalandi silaha za Wajerumani. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1965 na yamelala makaburi ya Glasnevin, kaskazini mwa Dublin. Niliwapeleka vijana wangu sehemu zote mbili siku moja, na mwanga ulitosha. Kijana mkubwa alisimama mbele ya ile sanamu akaniuliza kwa nini shuleni wanamfundisha kama shujaa wa Ayalandi huku Kongo ikitajwa kwa mstari mmoja. Tulilijadili hilo hadi mwisho wa gati ya mashariki ya Dún Laoghaire na kurudi, na gati hiyo ni ndefu.

Jirani wa mpaka (Dundalk)

Mleta uzi, ninaomba ufafanuzi. Ninaishi Dundalk, mpaka wa Ayalandi ya Kaskazini uko dakika chache kutoka kwangu, na hakuna kizuizi wala askari barabarani. Watoto wananisumbua kuhusu makumbusho ya Titanic yaliyoko Belfast na zile nguzo za mawe za Giant's Causeway. Tuna pasipoti za Tanzania na kadi za ukaazi za hapa. Je, wikendi moja tukivuka na kurudi, kuna tatizo?

Mleta uzi (Dublin)

Ndugu, lipo, na ninakusihi usivuke kwa kutegemea barabara iliyo wazi. Ayalandi ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Kadi ya ukaazi ya IRP inakupa haki ya kuishi katika Jamhuri tu. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Uingereza, na kila mtoto anahitaji ya kwake. Ule mpango wa viza ya pamoja unaosikika mitaani unahusu raia wa India na China, si sisi. Kutokuwapo kwa kituo mpakani hakumaanishi hakuna sheria: maofisa hukagua mabasi na treni kati ya Belfast na Dublin mara kwa mara, na kosa la aina hiyo linaweza kukuharibia maombi ya uraia unayoyasubiri. Mkishapata uraia wa Ayalandi, mtavuka bila viza. Wenye viza tayari wakumbuke kwamba ng'ambo vibao vya mwendo viko kwa maili na fedha ni pauni, na kwamba zile nguzo, zinazokadiriwa kufika 40,000, huteleza vibaya zikilowa.

Hadi mtakapopata viza au uraia, kwa hadithi ya Titanic wapelekeni watoto Cobh, kaunti ya Cork. Meli ilijengwa Belfast, lakini bandari yake ya mwisho ilikuwa hiyo, wakati huo ikiitwa Queenstown, ambako ilisimama tarehe 11 Aprili 1912. Mkipanda treni ya asubuhi kutoka Dublin hadi Cork, mnabadilisha treni hapohapo stesheni, na kwa chini ya nusu saa nyingine mko Cobh mkitazama bahari. Hii ni safari ya kulala. Gatini kuna sanamu ya Annie Moore, msichana wa Cork aliyekuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892, akiwa na wadogo zake wawili. Kwa mtoto wa mhamiaji hiyo haihitaji maelezo marefu.

Mbana matumizi (Cork)

Nimesoma yote kwa makini na bado sijashawishika. Juni jua la Dublin huzama karibu saa nne usiku. Kwa nini familia yenye mshahara mmoja itumie mafuta, nauli na chakula cha mgahawani Desemba, wakati fedha hiyohiyo ingewapa mchana maradufu miezi sita baadaye?

Mleta uzi (Dublin)

Mkuu, hoja yako ni ya haki kwa safari ndefu kama ya Kerry, kusini-magharibi, na kwa kweli Kerry tunaiweka Juni. Hata kisiwa cha Skellig Michael hakifikiki majira haya. Lakini angalia tena orodha yangu: Bull Island, Howth, Phoenix Park (ukiacha bustani ya wanyama) na Chester Beatty, na uongeze makumbusho ya taifa ya Kildare Street na jumba la taifa la sanaa, zote hazina kiingilio. Kwa kadi ya nauli ya Leap, mtu mzima hulipa euro 2 kwa dakika 90 za kubadilisha basi, tramu na DART ndani ya jiji, na mtoto wa chini ya miaka 9 halipi. Mgahawa unaweza kuuondoa ukabaki na chupa ya chai. Fedha utakayoihifadhi Desemba haitamrudishia mtoto wa miaka minne miezi mitatu ya kukaa mbele ya televisheni, na katika nyumba ndogo hata wazazi huanza kugombana kwa sababu ya vijiko.

Nakubaliana nawe juu ya siku moja. Tarehe 25 Desemba mabasi na treni husimama na karibu kila mlango hufungwa, kwa hiyo asiye na gari apange kubaki mtaani kwake. Mwenye gari aende Forty Foot, Sandycove, asubuhi, awatazame wenyeji wakijitosa baharini kwa kelele na kofia za sikukuu. Kutazama kunatosha.

Jirani wa mpaka (Dundalk)

Nimeelewa kuhusu viza, ahsante. Tutaanza na Newgrange, ambayo kwetu ni karibu. Swali la mwisho: tukirudi kupitia barabara ya M50, pale penye ushuru unalipia wapi? Sikuona kibanda.

Mleta uzi (Dublin)

Hakuna kibanda, kamera husoma namba ya gari. Unalipa kwa intaneti au kwenye duka lenye mashine ya malipo kabla ya saa 2 usiku ya siku inayofuata, la sivyo faini huongezwa. Ila kutoka Dundalk hadi Newgrange hufiki M50 kabisa. Shuka na M1, toka Drogheda, fuata vibao vya rangi ya kahawia vya Brú na Bóinne, na kwenye barabara ndogo za vijijini usizidi kilomita 60 kwa saa, ambacho ndicho kikomo tangu Februari 2025. Asubuhi barafu hukaa kwenye kona zisizopata jua, kwa hiyo nenda hata polepole zaidi ya hapo.